Hicho kijiji mnachokisifu

"Intaneti imeifanya dunia kuwa kijiji." Nimekutana nayo kwenye insha za wanafunzi, kwenye hotuba za mahafali, na wiki hii imenijia kama swali la mtihani, eti mtahiniwa afafanue faida. Sasa basi.

Sitiari hiyo ni ya Marshall McLuhan, profesa wa fasihi ya Kiingereza kule Toronto, katika kitabu chake cha mwaka 1962. ARPANET yenyewe, mtandao wa kompyuta uliokuja kuzaa intaneti, ilianza 1969, kwa hiyo alikuwa akizungumzia redio na televisheni. Na kijiji chake ni cha ngoma na hofu: ikilia upande huu, wa upande ule wanashtuka. Baadaye alisema wazi kwamba kijiji hicho ndicho kinachohakikisha watu hawapatani juu ya lolote.

Tarehe haziniudhi sana. Kinachoniudhi ni kuichuja sitiari tukabakiza salamu na kuazimana chumvi. Ukileta kijiji umeleta na umbea, ugomvi wa mpaka wa shamba, na bibi kizee anayeuawa kwa sababu macho yake mekundu. Hapo ndipo mfanano unapokuwa mkali: picha ya skrini inakatwa nusu, inasambazwa asubuhi, na kufikia jioni mtu ameshahukumiwa na watu wasiomjua.

Halafu sisi Watanzania ndio tunaodanganyika! Mwaka 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mamilioni wakahamishwa. Tunajua kabisa kwamba kijiji kinaweza kupangwa na mtu asiyelala humo. Facebook nayo imepangwa. Kuna aliyeamua nani aone habari ya nani, na ipi itangulie. Huyo mwenyekiti alichaguliwa kwenye mkutano upi? Insha haziulizi.

McLuhan alikuwa na jazanda nzuri zaidi, ya mwaka 1951, aliyoiazima kwenye hadithi ya Edgar Allan Poe ya 1841. Mvuvi wa Norwe na kaka yake wanavutwa na maji yanayozunguka na kumeza kila kitu. Kaka anang'ang'ania mashua. Mvuvi anatazama, tena kwa udadisi kama wa mtu asiye hatarini, anaona vitu vyenye umbo la pipa vinachelewa kuzama. Anajifunga kwenye pipa la maji, anajitosa. Mashua inazama na kaka yake.

Darasani naitumia hiyo: acha kupiga kelele kwanza, tazama kinachozamishwa haraka ni kipi na kinachoelea ni kipi. Inafundisha vizuri, ila ina kasoro inayonikosesha raha. Bahari ya Poe haina mwenyewe. Yetu, ya mitandao, ina wenyewe, tena wanaolipwa na watangazaji kadiri tunavyozidi kuzunguka humo, na jazanda yangu inawaachia kimyakimya. Inayobeba maji pamoja na mkorogaji wake bado sijaipata.