Feni Kuzunguka Si Ushahidi: Kupima Paua Saplai Kuukuu na Kuokoa Spea Zake

Kompyuta nyingi za ofisi hufika kwa mafundi wa Kisumu na Kakamega na shtaka moja tu: haiwaki. Paua saplai, kile kisanduku kinachogeuza stima kuwa volti ndogo za kompyuta, hubadilishwa, na ile kuukuu hutupwa, au huwekwa kando ikiitwa nzima kwa kuwa feni yake ilizunguka. Feni hiyo hula sehemu ndogo ya ampea moja. Paua saplai iliyochoka huweza kuizungusha kutwa nzima, kisha ikazima mara inapobebeshwa mzigo wa kweli.

Plagi ikiwa bado nje, tazama nyuma kama kuna swichi ya 115/230. Stima yetu ni volti 240. Swichi ikiachwa kwenye 115, kapasita kubwa za ndani, zile zinazohifadhi chaji, hupasuka papo hapo na fyuzi kukatika. Itikise usikie kama kuna kitu kinachocheza ndani. Chungulia kwenye matundu pia: kando ya ziwa, vumbi na wadudu wadogo wanaofuata taa usiku hurundikana humo, na rundo hilo likipata unyevu hupitisha stima.

Sasa chomeka, ikiwa peke yake bila kompyuta. Weka mita kwenye DC 20, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa zambarau. Hii ni laini ya kusubiri, iliyo hai hata mashine ikizimwa, nayo isome kati ya volti 4.75 na 5.25. Wengi huiruka, ilhali inaweza kuua madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Katika baadhi ya paua saplai za mwanzoni mwa miaka ya 2000, laini hii hutengenezwa na saketi sahili ya transista inayotegemea kapasita moja ndogo. Kapasita hiyo ikikauka, volti hupanda badala ya kushuka. Mita ikionyesha 6, chomoa upesi.

Zambarau ikiwa sawa, unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya chenye ganda ili paua saplai iwake. Pima njano: 11.4 hadi 12.6. Nyekundu: 4.75 hadi 5.25. Ya chungwa: 3.14 hadi 3.47. Buluu ni hasi, kati ya 10.8 na 13.2. Kijivu, kinachoiambia madabodi kwamba volti ziko sawa, kifike karibu 5 ndani ya nusu sekunde. Kikibaki sifuri, madabodi haitaanza hata laini nyingine zote zikiwa safi. Angalizo moja: baadhi ya kompyuta za Dell za mwisho wa miaka ya 1990 zina soketi inayofanana kabisa na ya kawaida, lakini nyaya zimepangwa kivyake. Usizibadilishane.

Kisha mzigo, na hapa ndipo hukumu hutoka. Balbu mbili za breki za gari, za volti 12 wati 21, huvuta pamoja ampea 3.5. Zifunge kwenye njano na nyeusi kabla ya kuwasha. Kwenye nyekundu funga risista ya omu 10, wati 10. Paua saplai nyingi za zamani hurekebisha njano na nyekundu kwa pamoja, hivyo nyekundu isipobeba kitu, njano hushuka na utaihukumu bure. Ikizima papo hapo, chomoa dakika moja ijiweke sawa, ujaribu balbu moja, maana balbu baridi huvuta mara nyingi zaidi ya ile iliyokwisha kuwaka. Ikistahimili mzigo, iache dakika 15 upime tena. Njano inayoanza 12.1 na kuteremka hadi 11.2 kadiri joto linavyopanda si ya kurudisha kwenye kompyuta.

Hitilafu ya kawaida ni kapasita za upande wa kutoa, zilizovimba kichwani au kuvuja. Kabla ya kufungua, fahamu kwamba kapasita kubwa hubeba takriban volti 340, au karibu 390 kwenye aina mpya zaidi, na huweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa. Ngoja dakika 10, shika risista ya omu elfu 10, wati 5, kwa koleo lenye mpini wa plastiki, igusishe miguu yote miwili kwa sekunde 30, kisha pima. Bisibisi haifai kwa kazi hii. Kapasita mpya iwe ya nyuzi 105, maikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za awali, na mstari wa hasi ukae ulipokuwa.

Paua saplai iliyofaulu yaweza kuendesha taa za LED za volti 12, rauta au redio ya gari. Waya wa kahawia ulioshikana na wa chungwa usikatwe. Ndio unaopima volti 3.3. Paua saplai haichaji betri ya gari wala ya sola: betri ya risasi huhitaji takriban 14, na iliyojaa ikitulia husoma 12.6, hivyo volti 12 haiijazi. Na waya wa ethi lazima uwepo. Ukitumia plagi ya miguu miwili, kapasita za kuchuja zilizo mlangoni huacha ganda la bati likiwa na karibu nusu ya volti za stima, na ndiyo maana watu hulalamika kwamba “inatetemesha”.

Iliyokufa kabisa ing'olewe feni, soketi ya stima, vipozaji vya alumini, dayodi pacha za kutoa, pete za feraiti na chipu ndogo zenye maandishi 817. Kapasita kuukuu za elektroliti nisingezipa nafasi hata kwenye droo. Vizuia-radi vilivyokwisha kupigwa navyo ni vya kutupa, na ukanda huu wa ngurumo huvimaliza mapema. Nyaya zisichomwe moto ili kupata shaba: ganda lake la PVC hutoa moshi wa sumu; livue kwa kisu. Spea zilizobaki zitiwe kwenye mifuko yenye namba ya kifaa na kipimo, kwa kuwa dayodi mbili zenye umbo moja zaweza kutofautiana volti mara mbili.