Subnautica: Pengo la Kimantiki Lililo Ndani ya Kambi

Wachezaji wengi wa Subnautica, mchezo wa video wa kunusurika katika bahari ya sayari ngeni, wanapoorodhesha makosa yake ya kisayansi, lalamiko la kwanza huwa lile lile: inawezekanaje Ryley Robinson, mhusika anayeongozwa na mchezaji, aogelee kwenye kina cha mita 1,300 akiwa na vazi jepesi, ilhali nyambizi yake ndogo iitwayo Seamoth, kabla ya kuboreshwa, huanza kupondeka ikivuka mita 200? Mimi hufundisha upigaji mbizi, nami naupenda mchezo huu uliotolewa rasmi mwaka 2018 na studio ya Unknown Worlds. Kwa hiyo ningependa kueleza kwa nini lalamiko hilo limeelekezwa mahali pasipofaa, na kwa nini pengo kubwa zaidi limo katika kambi ambazo mchezaji hujijengea mwenyewe chini ya maji.

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban angahewa moja ya mgandamizo, hivyo kwenye mita 1,300 mgandamizo hufikia kama angahewa 131. Seamoth huvunjika kwa sababu ndani yake mna hewa ya mgandamizo mdogo na nje kuna maji yenye mgandamizo mkubwa. Tofauti ya pande hizo mbili ndiyo inayouponda ukuta. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, ambayo hayabonyei kwa urahisi, na iwapo mapafu yanapokea gesi yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka mtu, tofauti hiyo haipo. Mwaka 1992, katika jaribio la Hydra 10 lililofanywa na kampuni ya COMEX huko Marseille, Ufaransa, Théo Mavrostomos alifikishwa kwenye mgandamizo sawa na wa kina cha mita 701 ndani ya chemba ya mgandamizo ya nchi kavu, akipumua mchanganyiko wa haidrojeni, heli na oksijeni, na mwili wake haukupondwa. Mpaka wa binadamu huwekwa na gesi anayoivuta: naitrojeni humlevya, oksijeni ikizidi huwa sumu, na heli peke yake, katika kina kikubwa, huleta mitetemeko.

Mtungi wa hewa nao una hesabu yake, na hapa mchezo una bahati kuliko unavyostahili. Ryley hana zaidi ya sekunde 45 za pumzi bila mtungi, na mtungi wa kwanza humwongezea sekunde 30, jambo ambalo karibu na uso wa maji ni ubahili mtupu. Lakini mtungi halisi wa lita 12 uliojazwa kwa baa 200 (baa moja ni karibu sawa na angahewa moja), ukifika mita 1,300, hauwezi kutoa gesi baada ya mgandamizo wake kushuka hadi ule wa maji, na kwa makadirio ya haraka kilichobaki ni kama lita sita za kuvuta. Pumzi chache tu. Waundaji waliiona kanuni hiyo, maana bila kifaa maalumu hewa ya Ryley huisha upesi zaidi anapopita mita 100, na namheshimu aliyeisisitiza kanuni hiyo ndani ya mchezo.

Sasa tuingie kambini. Kila chumba unachojenga kina kiwango cha uimara: vioo hukipunguza, kuta zilizoimarishwa hukiongeza, na kadiri unavyojenga chini zaidi ndivyo kila udhaifu unavyogharimu, mpaka kuta zinaanza kuvuja. Maana yake ni moja tu: hewa ya ndani ina mgandamizo mdogo kuliko maji ya nje. Lakini kambi hiyo hiyo huruhusiwa kuwa na Moonpool, chumba chenye uwazi mkubwa sakafuni ambamo chombo huibukia moja kwa moja kutoka baharini. Uwazi wa namna hiyo hufanya kazi kama bilauri iliyofunikwa juu chini ndani ya beseni: maji hayapandi kwa kuwa hewa ya ndani imesukumwa hadi ikalingana nayo. Kituo cha utafiti cha Aquarius, kilicho takriban mita 19 chini ya bahari katika visiwa vya Florida Keys, Marekani, kina mlango kama huo, na wanaokaa humo hutumia kama saa 17 kupunguziwa mgandamizo kabla ya kurudi juu. Ikiwa hewa ya kambi imelingana na maji, kuta hazihitaji uimara wowote dhidi ya kina; ikiwa haijalingana, maji yatafoka kupitia Moonpool na kuijaza nyumba. Mchezo unashikilia yote mawili kwa wakati mmoja, katika jengo moja, na ndiyo sababu naliita hili pengo la mantiki kuliko kosa la fizikia: kanuni mbili za mchezo wenyewe zinakanushana.

Athari yake inafika hadi kwenye hadithi. Katika mchezo, manusura wa Degasi, chombo cha anga kilichoanguka kabla ya Ryley kufika, walihamia kambi iliyo karibu na kina cha mita 500, na baada ya kushambuliwa na mnyama mkubwa, mmoja wao, Bart Torgal, alirudi peke yake hadi kisiwani juu ya maji, ambako alikufa kwa maambukizi. Mtu aliyeishi katika mgandamizo wa kina hicho angehitaji takriban siku moja kwa kila mita 30, yaani zaidi ya wiki mbili ndani ya chemba, la sivyo gesi iliyoyeyuka mwilini ingetoka kwa mapovu na kumuua njiani. Kumbukumbu alizoacha Bart zinagusa sana, lakini kwa kanuni za bahari asingefika kuzirekodi.

Mchezo mwingine wa video wa chini ya bahari, SOMA wa mwaka 2015, uliitumia kanuni ya mgandamizo kwa ujasiri. Mhusika wake mkuu, Simon, hawezi kushuka kwenye shimo la kina la bahari kwa kuwa mwili alio nao haukuundwa kuvumilia mgandamizo wa kule, hivyo nafsi yake inanakiliwa ndani ya vazi jingine, na uamuzi mgumu kuliko yote katika hadithi unatokana na hitaji hilo la kina.

Subnautica haikuhitaji kufika huko. Lango la chuma chini ya Moonpool, linalofungwa kabla ya maji kusukumwa nje, lingezirudishia kuta kazi yake, na chemba ndogo kwenye kila mlango ingempa Ryley mahali pa kuongezewa na kupunguziwa mgandamizo kila anapotoka na kuingia.