Usugu wa Dawa: Aliyebadilika ni Bakteria, si Mwili

"Mwili wake umeshazoea dawa," husemwa juu ya mgonjwa ambaye dawa haimponyi tena. Mwanafunzi akianza na kauli hii, hatauelewa usugu wa dawa, yaani hali ya bakteria kutouawa tena na dawa iliyokuwa ikiwaua. Mwili haujazoea chochote. Aliyebadilika ni bakteria aliyemo ndani yake, na mabadiliko hayo yameandikwa kwenye jeni.

Bakteria huzaliana kwa kujigawa. E. coli, bakteria aishiye utumboni, akipata chakula na joto la kutosha hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, na kila mara hunakili DNA yake yote, yaani kemikali inayobeba jeni zake. Katika kunakili, makosa hutokea. Mengi hayaleti faida, mengine humuua. Mara chache sana kosa hubadilisha umbo la protini ambayo dawa huinasa, na dawa ikakosa pa kushika.

Je, dawa ndiyo iliyosababisha kosa hilo? Wanafunzi wengi hudhani hivyo. Mwaka 1952 wanasayansi Joshua na Esther Lederberg walionyesha sivyo, kwa jaribio ambalo mimi huliona zuri mno. Walikigusisha kitambaa cha mahameli kwenye sahani iliyoota bakteria, kisha wakakigandamiza kwenye sahani nyingine yenye streptomisini, dawa ya kuua bakteria. Wachache wakaota. Waliporudi kwenye sahani ya kwanza, ambayo haikutiwa dawa kamwe, na kuchota mahali palepale walipoota wale wachache, wakawapata bakteria sugu humo. Usugu ulikuwepo tangu awali. Dawa iliwaua wenzao tu, ikawaachia uwanja.

Hii ndiyo sababu kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Bakteria aliyebahatika kuikwepa rifampisini atauawa na isoniazidi, kwa kuwa makosa mawili ya aina hiyo ndani ya seli moja ni nadra mno.

Bakteria wengi, hata hivyo, wana njia nyingine: plazmidi, yaani kiduara kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu, ile DNA kuu ya bakteria. Wawili wakigusana, mmoja humpa mwenzake nakala, hata kama si wa jamii moja. Nchini Japani, katika miaka ya 1950, madaktari walikuta Shigella wa kuhara damu waliozishinda dawa nne kwa mpigo. Jeni zote nne zilisafiri pamoja kwenye plazmidi, na zilihamia hata kwa E. coli. Hapo hakuna haja ya kosa kutokea mara nne. Mguso mmoja unatosha.