Je, wajua kwa nini picha ya ufuo hugeuka madoa ukiisogelea?

Ukisimama hatua tatu nne mbele ya picha ya ufuo iliyochorwa kwa rangi za mafuta na Eugène Boudin, utaona mabibi wenye magauni mapana wameketi mchangani, bahari ikiwa nyuma yao na mawingu yakichukua zaidi ya nusu ya turubai; lakini ukisogea hadi pua ikaribie kuigusa, mabibi hao hawapo tena. Aliyekuwa amevaa kofia amebaki doa jeupe juu ya mchirizi wa buluu, hana jicho wala mdomo.

Boudin, aliyezaliwa Honfleur mwaka 1824 na kufariki Deauville mwaka 1898, alikuwa mchoraji wa pwani ya Normandy, nchini Ufaransa, kwa asili na kwa kazi, na madoa yake hayakutokana na uvivu bali na ufuo wenyewe. Mwanga wa baharini hautulii: wingu likipita, mchanga uliokuwa wa dhahabu huwa wa kijivu, na maji yakijaa, palipokuwa pakavu hung'aa kama kioo. Rangi ya mafuta nayo haina haraka hata kidogo. Haikauki kama nguo iliyoanikwa. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hunyonya oksijeni ya hewani na kuganda polepole, jambo linaloweza kuchukua siku kadhaa. Mchoraji anayekimbizana na wingu hulazimika basi kupaka rangi mbichi juu ya rangi mbichi, na akijaribu kulainisha kingo kwa kusuguasugua, rangi zote huchanganyika zikawa tope. Dawa ni kuiweka mara moja na kuiacha.

Kazi hiyo ya kuchorea ufuoni ilirahisishwa na tyubu za bati, ambazo Mmarekani John Goffe Rand alizipatia hataza mwaka 1841. Kabla ya hapo rangi zilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe, na sidhani kama kuna aliyefurahia kuvibeba ufuoni. Boudin ndiye aliyemshawishi mchoraji Mfaransa Claude Monet, angali kijana, kuchorea nje. Katika picha ndogo ya ufuo wa Trouville aliyoichora Monet mwaka 1870, ambayo sasa iko National Gallery mjini London, chembe za mchanga na vipande vya makombe vimenasa ndani ya rangi yenyewe.

Kazi iliyobaki hufanywa na macho ya mtazamaji. Kwa mbali jicho haliwezi kutenganisha madoa madogo, nayo akili, kwa kuwa inalijua umbo la mtu aliyeketi, hujazia yaliyokosekana. Isitoshe, rangi hubadilishwa na jirani yake. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji wa rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins jijini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipozichunguza alikuta weusi wake hauna kasoro, ila umefifishwa na rangi zilizofumwa kando yake, na mwaka 1839 akachapisha kitabu kuhusu jambo hilo. Ndiyo maana kivuli cha mwavuli kikipakwa urujuani hafifu, mchanga ulio pembeni yake huonekana wa manjano zaidi kuliko rangi ile ile ilivyokuwa ilipokamuliwa kutoka kwenye tyubu.