"Huyu hana kipaji": dhana potofu kuhusu watoto na uchoraji wa katuni

Ukifundisha watoto kuchora huku Nyanda za Juu Kusini, iwe Mwanjelwa, Makambako au Kihesa, utayasikia maneno yale yale. Wanaoyasema hawana ubaya. Ni mama aliyemleta mwanawe Jumamosi asubuhi amemvika sweta mbili, ni baba aliyenunua penseli, ni mwalimu mwenzako wa darasa la nne. Hata hivyo, kwa ninavyoona, maneno hayo huwafanya watoto waweke penseli chini kuliko ukosefu wa vifaa unavyofanya.

Dhana: "Mwalimu, huyu hana kipaji. Mchoraji ni kaka yake."

Wapo watoto wanaotangulia, hilo halina ubishi. Ila wote huanza na mikwaruzo, wakiwa na umri wa kama mwaka mmoja na nusu. Akifika miaka mitatu au minne, mtoto huchora mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu inayotokea kidevuni, kiwiliwili hakipo. Watafiti wameyaona hayo kwa watoto wa nchi nyingi, kwa hiyo mama wa Uyole asishtuke. Baadaye huja mstari wa ardhi chini ya karatasi na jua kwenye kona.

Shida huanza kwenye miaka tisa hadi kumi na moja. Hapo jicho limeutangulia mkono. Mtoto anaona wazi kwamba ng'ombe wake hafanani na ng'ombe, anaona aibu, anaacha. Kaka yake hakuacha, na kwa sehemu kubwa hicho ndicho kinachoitwa kipaji chake.

Mtoto wa umri huo anahitaji mbinu, si sifa. Mwoneshe kwamba macho hukaa katikati ya kichwa. Watoto wengi, na wakubwa pia, huyaweka juu mno. Mwoneshe kwamba ng'ombe anaweza kuanza na mstatili, pembetatu na mistari minne. Hapa katuni husaidia kuliko mchoro wa kufananisha, kwa sababu haimdai mtoto usahihi asioufikia. Rodolphe Töpffer, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa hadithi za picha, alikuwa mwalimu wa shule mjini Geneva. Alitaka kuwa mchoraji kama baba yake, macho mabovu yakamzuia. Akabaki na mistari yake ya harakaharaka, na miaka ya 1830 akaanza kuchapisha hadithi alizochora kwa mistari hiyo. Alishikilia kwamba uso wowote, hata uliochorwa vibaya, tayari una hisia fulani.

Lijaribu hilo na watoto. Chora maduara sita, macho yawe yale yale, ubadilishe nyusi na mdomo tu. Nyusi zikishuka upande wa ndani, mtu amekasirika. Upande huo ukipanda, ana huzuni. Hawatachelewa kukuambia kwamba huyu wa tatu ni bibi amemkuta kuku jikoni.

Dhana: "Katuni ni utani wa magazetini, si sanaa."

Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alianza kuchorea gazeti la Nation la Kenya mwaka 1992, na wakubwa wa nchi wamekuwa wakizisubiri kalamu zake kwa wasiwasi. Utani usingewatia watu wasiwasi kiasi hicho. Tuendelee.

Dhana: "Kuchora kunakula muda wa masomo."

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha majaribio ambamo watu walipewa maneno, mengine wayachore na mengine wayaandike. Waliyoyachora waliyakumbuka zaidi, hata na wale ambao hawakuwa wachoraji wazuri. Washiriki walikuwa wanafunzi wa chuo, si watoto wa darasa la tatu, kwa hiyo nisikuuzie zaidi ya hapo. Lakini mwalimu yeyote anaweza kupima mwenyewe. Wape watoto safari ya tone la mvua ndani ya visanduku vinne: linatoka Ziwa Nyasa, linapanda, linakuwa wingu juu ya Mlima Rungwe, linashuka kwenye migomba ya Tukuyu. Atakayeweka tone ndani ya wingu bila kulipandisha kwanza amekuonesha palepale asichokielewa. Mtihani wa kuchagua herufi hauoneshi hilo. Tena mtaala mpya wa shule za msingi una somo la Sanaa na Michezo, kwa hiyo hakuna anayeiba kipindi.

Dhana: "Bila rangi za dukani huwezi kuanza."

Nje kidogo ya mji wa Iringa, pale Igeleke, kuna mwamba wenye michoro ya kale ya watu na wanyama kwa rangi nyekundu. Wekundu wa michoro ya aina hiyo kwa kawaida hutokana na oksaidi ya chuma, ile ile inayoupa udongo wetu rangi. Chukua udongo mwekundu uliokauka, utwange, uuchekeche kwa kitambaa chepesi, uchanganye na kiini cha yai na maji kidogo. Hiyo ni rangi, nayo inashika. Mkaa uliozimika hutoa mweusi mzuri kuliko penseli nyingi. Binzari hutoa njano, majani ya chai ya Mufindi au Rungwe yakichemshwa sana hutoa kahawia. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano.

Karatasi? Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, hutengeneza karatasi za kaki kutokana na misindano, na bahasha au mfuko wa kaki ukichanwa ukanyooshwa huwa mzuri kuliko karatasi nyeupe: mkaa hukaa vizuri juu yake, na mtoto haogopi kuuchafua. Hilo la kuogopa lina uzito. Mpe mtoto karatasi nyeupe moja ya bei, atachora kwa woga kona moja.

Onyo moja. Edward Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kupaka rangi za mafuta juu ya vipande vya hadibodi, na mtindo wake ukajulikana duniani. Watu huchukua mfano huo wakawapa watoto rangi ya mlango iliyobaki kwenye kopo. Usifanye hivyo. Baadhi ya rangi za mafuta zimewekwa madini ya risasi, na madini hayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Dhana: "Mwoneshe mchoro sahihi, aunakili."

Kunakili kwenyewe si kosa. Wachora katuni wengi walianza hivyo. Tatizo ni kile kinachonakiliwa. Utakuta mtoto wa Njombe, anayeamka na ukungu mlangoni, anachora mnazi, ufukwe na jua linalozama baharini, kwa sababu ndivyo ubao ulivyoonesha. Misindano haimo, viazi havimo, bibi mwenye kikapu cha milulu hayumo. Mwambie achore njia ya kwenda shule. Kwenye kiputo cha maneno aandike jinsi watu wanavyoongea kwao, mzee wa Kihehe akisalimia "Kamwene!" katuni imepata uhai.

Na akichora viazi vinavyoonekana ndani ya ardhi, au mtoto ndani ya tumbo la mama, usimwambie "havionekani hivyo". Mfaransa Georges-Henri Luquet alishaeleza mwaka 1927 kwamba mtoto huchora anachokijua, si anachokiona. Badala ya kusahihisha, sema "Nisimulie." Akikwama kwenye simulizi, ndipo umwoneshe mbinu.

Dhana: "Muahidi zawadi, atachora zaidi."

Atachora leo. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walichapisha utafiti wao kwa watoto wa chekechea huko Marekani waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora walionekana, siku kadhaa baadaye, kupungukiwa hamu ya kuchora wakiachwa huru. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungua. Kwa hiyo biskuti ya kushtukiza haina neno. Mashindano yenye mshindi mmoja kila wiki ndiyo yanayonitia shaka, kwa maana mshindi huwa yule yule, na wenzake hujifunza kwamba kuchora ni kazi yake.

Dhana: "Mimi mwenyewe sijui kuchora, nitamfundisha nini?"

Huhitaji kujua. Juni na Julai, baridi ikiwafungia nyote ndani kuanzia magharibi, tafuta watu watatu na karatasi moja. Ikunjeni sehemu tatu. Wa kwanza anachora kichwa, cha mtu, mbuzi au bodaboda, anaacha mistari miwili ya shingo ivuke mkunjo, kisha anakificha. Wa pili anachora kiwiliwili bila kuona kilicho juu, wa tatu miguu. Mnakunjua. Mpeni kiumbe huyo jina, kijiji na kazi, kisha kila mtu achore kisanduku kimoja cha siku mbaya ya kiumbe huyo. Anayechungulia kabla ya zamu yake anawachemshia wachoraji wote chai.