Dhumna 31 na vizibo viwili vya soda

Chukua ubao wa drafti wenye miraba 64. Weka vizibo vya soda kwenye pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, hapo hapakaliwi. Imebaki miraba 62. Sasa ujaze ubao kwa dhumna, kila moja ikifunika miraba miwili, bila kupandana wala kutokeza nje. (Seti ina dhumna 28 tu, kwa hiyo azima tatu kwa jirani.)

“Sitini na mbili ni shufwa, dhumna 31 zitaenea.” Hapa ndipo wengi tunaponasa. Hesabu yenyewe haina kosa, ila tumehesabu miraba tukasahau rangi. Pembe za mshazari huwa za rangi moja. Tuseme vizibo vimekalia nyeupe: zimebaki nyeupe 30 na nyeusi 32. Dhumna, uilaze au uisimamishe, hula nyeupe moja na nyeusi moja, maana jirani wa nyeusi ubavuni daima ni nyeupe. Ukifaulu kuweka 30, nyeupe zimekwisha. Zilizobaki ni nyeusi mbili, nazo hazipakani. Dhumna ya mwisho unabaki nayo mkononi.

“Hujajaribu vya kutosha.” Ubao mtupu, bila vizibo, hujazwa kwa njia 12,988,816, ndiyo maana mtu haamini kwamba hakuna hata moja itakayopona. Haipo. Hoja ya rangi haikagui njia moja moja, inazifunga zote kwa mkupuo.

“Uthibitisho lazima uwe na fomula.” Huu hauna. Mwanafalsafa Max Black alilichapisha fumbo hili mwaka 1946, na mwaka 1964 mwanasayansi wa kompyuta John McCarthy akalitoa kama mtihani mgumu kwa programu za kompyuta za kutafuta uthibitisho. Ugumu uko kwenye kuwaza rangi, wakati swali halihitaji hata ubao uwe na rangi.

“Basi rangi zikilingana, dhumna zinaenea.” Nusu kweli. Ukiziba nyeupe moja na nyeusi moja, popote pale, dhumna 31 zitaenea kila mara; mwanahisabati Ralph Gomory alilionyesha hilo kwa kuchora njia moja inayopita kila mraba na kurudi ilipoanzia. Lakini ziba mbili mbili. Vizibo viwili vya kwanza viweke kwenye majirani wawili wa pembe moja, ambao ni wa rangi moja, na viwili vingine kwenye rangi ya pili, mbali na pembe hiyo. Rangi zimelingana, 30 kwa 30, ila mraba wa pembe hiyo hauna tena jirani wa kushirikiana naye dhumna.