Vidukari kwenye sukuma: geuza jani kabla ya kununua dawa

Mvua ikikatika hapa Nakuru, kuanzia Januari hivi, swali ninaloulizwa zaidi nikiwa kazini kama afisa wa kilimo ni hili: "Sukuma zangu zimejikunja, nipige dawa gani?" Mimi huomba kwanza jani ligeuzwe.

Upande wa chini, hasa kwenye majani machanga ya katikati, utawakuta vidukari, wadudu wadogo wa kijivu, wamebanana, miili imefunikwa vumbi la nta. Jike hahitaji dume. Huzaa watoto wakiwa hai, na kukiwa na joto, watoto hao nao huanza kuzaa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Mvua kubwa huwaangusha. Kiangazi huwaachia shamba.

Sasa tazama kwa makini. Ukiona kidukari aliyevimba kama punje ya mtama, rangi ya kahawia, hasogei, usimguse. Nyigu mdogo sana ametaga yai ndani yake, na lava, yaani mtoto wa nyigu huyo, anamla kutoka ndani. Ukipiga sumu kali, nyigu hao hufa pia, pamoja na wale mbawakawa wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari. Vidukari wachache watakaobaki watazaana bila adui. Tena sukuma za nyumbani huchumwa kila baada ya siku chache, ilhali lebo ya dawa inaweza kukutaka usubiri zaidi ya hapo. Hilo ndilo linanitia wasiwasi, kwa sababu wanaokula ni watoto wako.

Chuma majani yaliyoathirika sana uyatoe shambani. Mengine yaoshe kwa maji yenye nguvu kiasi, ukielekeza chini ya jani. Wakibaki, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji, unyunyize jioni. Maji matupu huteleza juu ya ile nta. Sabuni huipenya na kumkausha mdudu, lakini lazima imguse, kwa hiyo jani lilowe chini. Jaribu jani moja kwanza, ungoje kesho yake, maana sabuni ikizidi huunguza. Rudia baada ya siku tano hivi.

Sisimizi wakipanda shina, wafuate. Wanafuata utamu unaotolewa na vidukari na huwafukuza maadui wao. Majivu makavu kuzunguka shina huwazuia, ila ukimwagilia itabidi uyaweke upya.